Mgonjwa wa Akili Akizidiwa, Nani Abishe Hodi?

JE, msomaji, jirani yako akishika kifua ghafla na kuanguka, utafanya nini? Bila shaka utatafuta gari la kumkimbiza hospitalini. Lakini jirani huyo huyo akianza kupiga mayowe usiku kwamba kuna watu wanaomwinda, au akijifungia chumbani na kutishia kujiua, wengi wetu huita vijana wa mtaa waje na kamba, au polisi waje na pingu. Ilhali hali zote mbili ni ugonjwa, na zote ni za dharura.

Mwaka wa 2015, jiji la Stockholm nchini Uswidi lilianza kutumia ambulensi ya dharura za akili pekee, iitwayo PAM kwa kifupi. Ndani yake hupanda wauguzi wawili waliosomea magonjwa ya akili, pamoja na mhudumu wa ambulensi. Gari hilo halina machela. Lina viti, ili mgonjwa aketi na kuzungumza na muuguzi kama mtu na mwenzake.

Huenda ukauliza, viti vina maana gani? Mtu aliyechanganyikiwa tayari anaamini kwamba kila mtu ni adui yake. Ukimrukia na kumfunga, umemthibitishia hofu hiyo. Isitoshe, kumlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni kunaweza kumzuia kupumua, hata akafa.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ya wauguzi kama hawa ni maneno. Humwuliza mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua, kama ameshapanga njia, na kama ana mtu wa kukaa naye. Baada ya hapo huamua kama atapelekwa hospitalini au atabaki nyumbani na kuelekezwa kliniki. Si kila anayezidiwa huhitaji kulazwa. Polisi nao wana nafasi yao iwapo kuna silaha au hatari kwa watu wengine.

Hapa kwetu, hospitali ya Mathari jijini Nairobi imewapokea wagonjwa wa akili tangu 1910. Hata hivyo, mara nyingi safari ya kufika hospitalini huwa mikononi mwa jamaa na majirani. Ndiyo maana inafaa ujue la kufanya.

Kwanza, mtu mmoja tu azungumze na mgonjwa, na kwa sauti ya chini. Umati utawanywe na redio izimwe. Ondoa visu, dawa za wadudu na vidonge karibu naye. Usibishane naye kuhusu sauti anazosikia, wala usimcheke. Mwambie unaona kwamba anaogopa na ungependa kumsaidia. Usimzibie mlango, na akitaja kujiua, usimwache peke yake hata kidogo.

Pili, usikimbilie kusema amerogwa au ni kichaa. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kifafa, pigo la kichwa, sukari kupungua mwilini, au mlevi kuacha pombe ghafla, vyote vinaweza kumfanya mtu apayuke. Mama aliyejifungua majuzi pia anaweza kupatwa na hali hiyo. Iwapo mtu amechanganyikiwa ghafla, hasa akiwa na homa, mpeleke hospitali iliyo karibu nawe mara moja. Beba dawa zote anazotumia na umweleze daktari hali hiyo ilianza lini.

Kuna wanaoficha jaribio la kujiua kwa kuogopa kushtakiwa. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Anayewaza kujiua anahitaji matibabu. Unaweza kupiga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199, upate ushauri.

Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Jirani yako si nyoka, msomaji. Ni mgonjwa anayeogopa, na wewe huenda ukawa mtu wa kwanza kubisha mlangoni mwake. Iache kamba nyumbani.