Anensefali: Mtoto Anapozaliwa Bila Sehemu Kubwa ya Ubongo

Anensefali ni kasoro ya kuzaliwa ambayo humfanya mtoto akose sehemu kubwa ya ubongo, pamoja na mifupa ya juu ya fuvu na ngozi inayoifunika.

Chanzo chake ni cha mapema mno. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa unaojikunja, kingo zake zikaungana na kuwa mrija wa neva. Mrija huo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ncha ya chini isipofunga, mtoto hupata mgongo wazi. Ya juu isipofunga, ubongo hubaki wazi ndani ya maji ya uzazi na kuharibika.

Mtoto huwa na uso, macho yakiwa yametokeza, lakini juu ya nyusi fuvu hukoma. Shina la ubongo likiwapo, anaweza kupumua, hata kunyonya kidole kinachowekwa mdomoni. Hayo hujitokeza yenyewe bila yeye kuyatambua, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoleta fahamu haipo. Wengi huzaliwa wafu. Wanaozaliwa hai kwa kawaida hufariki ndani ya saa au siku chache. Tiba hakuna; mtoto hutunzwa kwa staha, na wazazi hustahili kuambiwa ukweli kwa upole. Kipimo cha ultrasaundi kinaweza kuionyesha kasoro hii kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 ya ujauzito.

Kasoro hii si laana wala adhabu. Huchangiwa na upungufu wa foleti, kisukari kisichodhibitiwa, baadhi ya dawa za kifafa kama valproeti, na urithi.

Mwaka 1991, utafiti ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha kuwa asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, ilipunguza kwa asilimia 72 kujirudia kwa kasoro za mrija wa neva. Ndiyo sababu nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, zimeweka sheria ya kuongeza virutubishi, ikiwemo asidi hiyo, kwenye unga.

Mwanamke anayeweza kushika mimba anashauriwa kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo huandikiwa na daktari miligramu 4. Vidonge vianzwe kabla ya mimba: vinavyoanzwa kliniki mwezi wa tatu vina faida nyingine, lakini kwa mrija wa neva vimechelewa.