Mahakama za kaunti za Texas kwa pikipiki: kwa nini kila mji una jumba la kifalme katikati?

Wadau, kila nikisema wikiendi nilikuwa barabarani na pikipiki nikizungukia majengo ya mahakama, swali ni lile lile: una kesi gani huko? Sina kesi. Naishi Texas, na huku mahakama za kaunti ni kitu cha kwenda kutazama kama wengine wanavyokwenda kutazama mbuga. Ngoja nieleze, maana mtu akikutajia "mahakama" unafikiria benchi la mbao na karani anayekwambia rudi kesho.

Texas ina kaunti 254. Hakuna jimbo lingine la Marekani lenye nyingi hivyo. Ila usichanganye na kaunti za Kenya, ambazo ni 47 na zina gavana na bunge lake tangu katiba ya 2010. Kaunti ya huku inaongozwa na mtu anayeitwa jaji wa kaunti pamoja na makamishna wanne. Kikao chao nacho kinaitwa mahakama, ingawa wanachojadili zaidi ni bajeti na barabara za vumbi. Kwa hiyo lile jengo kesi zimo, sawa, lakini kwa asili zilikuwamo pia hati za mashamba, vibali vya ndoa, vyeti vya vizazi, kodi na uchaguzi. Hata usajili wa pikipiki yangu naulipia kila mwaka ofisi ya kodi ya kaunti, siyo serikali ya jimbo. Kama unatoka Bagamoyo au Mikindani, fikiria boma la Mjerumani: serikali yote chini ya paa moja. Tofauti ni kwamba boma lililetwa na mtu wa nje, hili walijijengea wenyewe. Nikisema "wenyewe" namaanisha baadhi yao, nitafika huko.

Sasa kwa nini ni makubwa hivi, na mji una watu elfu chache tu? Mwaka 1881 bunge la Texas liliruhusu kaunti kukopa kwa kuuza hatifungani ili zijenge mahakama. Reli nazo ndiyo zilikuwa zinaingia. Mji uliopata mahakama ulipata wanasheria, hoteli, benki na wakulima wenye shida zao. Uliokosa, ulisinyaa. Basi bwana, kila mji ukataka kumwonyesha jirani kwamba haya mambo yameisha, makao makuu ni hapa. Jumba la mawe lenye mnara wa saa ndiyo lilikuwa tangazo lenyewe. Wamejenga katikati ya uwanja wa mraba, maduka yamezunguka pande zote nne, na mnara unauona ukiwa bado uko mbali kwenye mashamba ya pamba. Kwa mwendesha pikipiki hiyo ni raha ya pekee. Huhitaji ramani kilomita za mwisho, unaufuata mnara tu.

Ninalolipenda kuliko yote liko Waxahachie, kama kilomita 50 kusini ya Dallas. Lilikamilika 1897, mawe mekundu na graniti ya waridi, kazi ya msanifu James Riely Gordon. Huyu jamaa alikuwa fundi. Joto la Texas mwezi wa nane linapita nyuzi 38, na wakati ule hakuna kiyoyozi. Gordon akapanga baadhi ya mahakama zake kwa umbo la msalaba, milango kwenye kona, na katikati akaacha uwazi wenye ngazi unaopanda hadi mnarani. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya nafuu inavutwa kutoka milangoni. Mnara ule unaodhani ni urembo tu, kumbe ni bomba la kutolea joto! Nje kuna nyuso zilizochongwa kwenye mawe, nyingine nzuri, nyingine za kutisha. Mjini wanasimulia kwamba mchongaji alimpenda binti akakataliwa, ndipo nyuso zikaanza kuharibika. Watafiti wanaipinga hadithi hiyo, lakini muuza kahawa wa pale atakusimulia kwa uhakika kabisa.

Ukiendelea kusini unafika Hillsboro. Mahakama yake ya 1890 iliungua tarehe 1 Januari 1993, mnara ukaanguka ndani. Wangeweza kujenga boksi la zege na maisha yakaendelea, kama kaunti nyingi zilivyofanya. Hawa wakachangishana, mwanamuziki Willie Nelson aliyezaliwa kaunti hiyo hiyo akapiga shoo ya kusaidia, na mwaka 1999 jengo likafunguliwa tena likiwa kama lilivyokuwa. Wakati huo majengo mengi ya aina hii yalikuwa yanavuja na kupasuka. Mwaka 1998 mahakama za Texas ziliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi. Mwaka uliofuata jimbo likaanzisha mpango wa kuzipa kaunti fedha za ukarabati. La kwanza kukamilika lilikuwa la Albany, kaunti ya Shackelford, 2001. Mpaka sasa yamepita 70. Nikitazama kwetu namna tunavyobomoa nyumba za zamani usiku usiku, roho inaniuma.

Lakini jamani tusidanganyane na mawe mazuri. Mtu mweusi akipaki pikipiki mbele ya majengo haya ana mengine ya kufikiria. Nenda Sherman, karibu na mpaka wa Oklahoma. Jengo la pale ni la 1936, na sababu ya kutokuwa la zamani ni hii. Tarehe 9 Mei 1930 alikuwa anashtakiwa kibarua wa shambani mweusi, George Hughes, kwa madai ya kumshambulia mwanamke mzungu. Kundi la watu likazingira mahakama. Maofisa wakamfungia Hughes kwenye chumba cha zege na chuma cha kutunzia nyaraka, ati awe salama. Kundi likatia moto jengo zima, na mipira ya maji ya zimamoto ikakatwa. Hughes akafia mle ndani. Usiku wakakitoboa kile chumba, wakautoa mwili, kisha wakachoma mtaa wa biashara za watu weusi. Yaani walichoma mahakama yao wenyewe kuliko kuacha kesi iishe. Sisi tuliozoea kusoma magazetini "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni hali ya hewa, tuisome habari hii mara mbili.

Na siyo Sherman peke yake. Pale Denton, mbele ya mahakama ya 1896, tangu 1918 ilisimama sanamu ya kuwaenzi askari waliopigana upande uliotetea utumwa. Iliondolewa Juni 2020. Nilikwenda baadaye, nikakuta watoto wanakimbia kwenye majani. Ndani kuna makumbusho.

Kwa anayekuja huku na ana leseni ya pikipiki: nenda siku ya kazi, maana wikiendi majengo mengi yanafungwa na utaishia kuzunguka nje. Mlangoni kuna mashine ya ukaguzi, kisu cha mfukoni kiache kwenye boksi la pikipiki. Helmeti vaa, hata kama sheria ya huku inawaruhusu waliofikisha miaka 21 kuiacha wakiwa na bima ya afya au cheti cha mafunzo. Achana na barabara kuu, fuata zile zilizoandikwa FM, yaani za kutoka shamba kwenda sokoni. Na ukielekea magharibi usiipite sheli hata moja. Kaunti ya Loving ilihesabiwa watu 64 tu mwaka 2020, na mahakama yao wanayo, ya 1935, ndogo kama shule ya msingi.

Safari yangu inayofuata ni Marfa, jumba la 1886, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dallas. Mwenye swali la njia au gharama aandike hapo chini, nitajibu nikirudi.