Je, Wajua? Usiku wa Mechi Ukambani: Mpira Sebuleni, Mbuzi Jikoni

Ukitaka kualika marafiki kutazama mpira Kitui au Makueni, karibu kila unachohitaji kimeota, kimelishwa au kimerinwa papo hapo. Soma haya kabla ya kuwasha jiko.

SAA YA MECHI

Je, wajua kuwa mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne usiku kwetu majira yao ya joto, na saa tano majira ya baridi? Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi wa ikweta hatugusi saa zetu. Ukialika watu Novemba kwa saa za Septemba, watakaa saa nzima wakitazama matangazo ya biashara, na nyama itaisha kabla ya filimbi.

Je, wajua kuwa sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho, iliruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi? Yaani mechi ya Novemba inaanza dakika ileile baa inapotakiwa kufunga. Sebule yako ndiyo uwanja uliobaki.

Je, wajua kuwa dakika 90 hazitoshi kupangia chakula? Desemba 17, 2017, hapo jirani katika Uwanja wa Kenyatta, Machakos, Harambee Stars na Zanzibar walitoka 2-2 kwenye fainali ya CECAFA, na Kenya ikashinda kwa penalti 3-2. Agosti 2025 Kasarani, robo fainali ya CHAN dhidi ya Madagascar iliisha 1-1, na safari hii penalti zikatutoa, 4-3. Weka akiba ya sufuria moja kwa ajili ya muda wa nyongeza. Mtu anayesubiri penalti tumbo tupu huumia mara mbili.

JIKONI

Je, wajua kuwa mbavu za mbuzi huiva mapema kuliko paja? Tanguliza paja saa moja na zaidi kabla ya mechi, mbavu zifuate. Moto uwe wa makaa yaliyokwisha kuwa mekundu na kuvaa majivu, usiwe wa ndimi. Mafuta yakianza kudondoka na moshi kupanda, inua nyama kidogo, nyunyiza maji ya chumvi, geuza. Katia kwenye ubao mbele ya wageni, vipande vya kuokotwa kwa vidole, ili mtu ale bila kuyaondoa macho kwenye runinga.

Je, wajua kuwa Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti ili kuokoa miti? Mgunga unaokatwa leo ndio uliokuwa ukilisha nyuki. Matawi yanayopogolewa kwenye miembe, yakikauka vizuri, huchoma mbuzi bila kuangusha mti hata mmoja.

Je, wajua tofauti ya isyo na muthokoi? Isyo ni mahindi mazima na maharagwe, wanachokiita wengine githeri. Muthokoi ni mahindi yaliyovuliwa ganda. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, hutiwa kinuni na kutwangwa kwa mapigo mepesi, kwani nia ni kuchubua, si kuvunja. Kisha hupepetwa, pumba zikaruka na punje nyeupe zikabaki. Huiva haraka kuliko isyo, na ukiyapika na mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, unapata sufuria ya kushibisha wageni ishirini kwa gharama ndogo.

Je, wajua kuwa mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yalisababisha visa 317 vya ugonjwa na vifo 125, wengi wao wakiwa watu wa Makueni na Kitui? Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota mahindi yakihifadhiwa na unyevu, na kuchemsha hakuiondoi. Kukoboa hupunguza, hakumalizi. Kwa hiyo chambua mahindi ya wageni kwa mkono, mchana, penye mwanga. Punje iliyobadilika rangi au yenye ukungu usimpikie mtu, wala usimtupie kuku.

Je, wajua kuwa Kitui ni miongoni mwa ngome kuu za ndengu nchini Kenya? Ndengu, ambazo Watanzania huziita choroko, hukomaa kwa takriban miezi miwili hadi mitatu, na ndiyo maana hustahimili mvua zetu fupi. Zichemshe, zikaushe maji, zikaange na kitunguu na dhania, kisha uzifunge kwenye sambusa. Asiyekula nyama naye atakuwa na cha kushika.

Je, wajua kuwa msimu mkuu wa maembe Makueni huanza karibu na Desemba, wakati ligi za Ulaya zimepamba moto? Kaunti hiyo ina kiwanda chake cha kusindika maembe huko Kalamba. Embe bichi lililokatwa vipande vyembamba, likatiwa chumvi na pilipili, hukata mafuta ya mbuzi mdomoni kuliko mchuzi wowote wa chupa.

KIBUYUNI NA KWENYE GLASI

Je, wajua kuwa Ukambani kulikuwa na pombe ya mafundi zamani, kabla ya baa? Ni kaluvu, iliyotengenezwa kwa asali au miwa. Siri yake ni tunda la mwegea, mti ambao maua yake hufunguka usiku na kuchavushwa na popo. Tunda huning'inia kama soseji kubwa na huweza kufika kilo kadhaa. Hupasuliwa, hukaushwa juani, kisha nyuzinyuzi zake hutiwa ndani ya maji ya asali karibu na meko. Hamira ya asili hukaa humo ndani ya nyuzi. Mpishi humwaga maji ya mwanzo yenye uchungu, hurudia, na tunda likishazoea kazi hukaushwa na kutunzwa kwa upishi ujao. Bibi mmoja anaweza kulitunza tunda lake kama unavyotunza sufuria nzuri.

Je, wajua kuwa kaluvu haikuwa kinywaji cha kila siku? Ilikuwa ya wazee, ya mahari, ya baraka. Na leo, ukitaka kuiuza, unahitaji leseni kama muuzaji mwingine yeyote wa kileo.

Je, wajua kuwa mtama wa Ukambani uliingia kwenye bia ya pipa? Mbegu ya Gadam ilienezwa kwa wakulima wa kaunti kavu, zikiwemo Kitui na Makueni, ili kulisha kiwanda kinachotengeneza Senator Keg, bia iliyozinduliwa 2004. Mwaka 2013 serikali ilipoirudishia ushuru wa asilimia 50, mauzo yaliporomoka na mkulima akabaki na magunia. Bei ya glasi mjini huamua mavuno ya shamba la Kibwezi.

Je, wajua kwa nini chupa ya Tusker ina ndovu? Kiwanda kilianzishwa 1922, na mwaka uliofuata George Hurst, mmoja wa waanzilishi, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni.

Je, wajua kuwa swali la mhudumu wa baa, "Ya moto au baridi?", lina elimu ndani yake? Ubaridi mkali huzima harufu na ladha. Bia za viwanda vidogo, zenye kimea kizito na uchungu wa hopsi, zitoe kwenye friji dakika chache kabla ya kumimina.

Je, wajua kuwa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kitui zikiwemo, na wengine wakapofuka? Methanoli huwezi kuitambua kwa ulimi. Kinywaji usichojua kilikotoka kisivuke kizingiti chako, hata kikiwa cha bure.

MGENI

Je, wajua kuwa mfano mkubwa wa ukarimu Makueni hauna pombe kabisa? Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926 kando ya reli, hulisha msafiri yeyote bila kumtoza senti wala kumuuliza dini. Marufuku humo ni vileo na tumbaku.

Je, wajua kuwa miti ya ukame hutoa vinywaji vya kumfaa asiyekunywa? Loweka ukwaju usiku kucha, chuja, tia asali ya Mwingi. Au koroga unga wa ubuyu, wenye vitamini C tele, na maji baridi. Mimina kwenye glasi zilezile wanazonywea wengine, ili asijione mtoto mbele ya wenzake.

Je, wajua kuwa Leonard Mambo Mbotela, aliyetutangazia mpira redioni kwa Kiswahili kitamu, ndiye aliyeanzisha kipindi cha "Je, Huu ni Uungwana?" mwaka 1966? Alifariki Februari 2025, lakini swali lake linafaa usiku huu. Kumwachia rafiki aliyelewa funguo za pikipiki saa saba usiku, je, huu ni uungwana? Tandika mikeka kabla ya mechi. Anayelala kwako anafika kwake.

Je, wajua kuwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja? Limepangwa katikati ya mwaka, baada ya mvua za Machi. Ukipanda ndengu mvua hizo zikianza, mgeni wako wa mechi ya kwanza atakula sambusa ya shamba lako.