Mbio Zilizoishia Chuo Kikuu

Ukipanda asubuhi kutoka Mombo kwenda Lushoto utawaona watoto wa shule wakikimbia kupandisha mlima, madaftari mkononi. Mbio hizo zitawafikisha wapi?

Suleiman Nyambui wa mkoani Mara zilimfikisha darasani. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani, naye akakikimbilia chuo hicho. El Paso ni mji wa jangwani, lakini umeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari; hata Lushoto yetu inauzidi! Tangu 1979 hadi 1982 alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani, mara 4 mfululizo.

Mwaka 1980 Marekani ilisusia Olimpiki ya Moscow. Nyambui alikwenda, kwani alikuwa Mtanzania, akatwaa medali ya fedha katika mita 5,000. Filbert Bayi naye alipata ya fedha. Hadi Paris 2024, taifa halikuwa limepata ya tatu.

Basi mzazi wa Soni au Magamba anayemwondoa bintiye mbioni ili ajiandae kwa mtihani, tusimlaumu. Nani amemwonyesha chuo kitakachompokea binti huyo kwa sababu ya miguu yake?