Adabu za Mgeni katika Mji wa St Petersburg

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili latufundisha ya kuwa ugeni ni heri kwa pande zote mbili. Lakini heri hiyo yaweza kugeuka uchungu kwa jambo dogo tu, ikiwa mgeni hakujua desturi za nyumba aliyoiingia. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za Wamarekani waendao St Petersburg, mji mkubwa wa pili katika nchi ya Urusi. Mataifa haya mawili hukoseana sana katika mambo ya adabu. Kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa hana adabu, kumbe wote wawili wanazo, ila hazifanani. Tena tunao ndugu zetu waliohamia Marekani, nao husafiri kwa pasi ya nchi hiyo. Basi habari hizi zawafaa wao pia.

Mji wenyewe

Mji huu ulianzishwa na Kaisari Peter Mkuu mwaka 1703, katika nchi ya majimaji kwenye mto Neva, karibu na bahari ya Baltic. Jina lake limebadilika mara kadhaa: mwaka 1914 uliitwa Petrograd, mwaka 1924 ukaitwa Leningrad, na mwaka 1991 ukarudishiwa jina lake la kwanza. Una mifereji mingi na madaraja mengi, na jumba la Hermitage, lenye hazina ya picha na vitu vya kale iliyoanza kukusanywa na Malkia Catherine mwaka 1764.

Zamani Wamarekani wengi walikwenda huko kutazama mambo hayo. Siku hizi waendao ni wachache. Tangu vita vya Ukraine vilipopanuka mwezi wa Februari 2022, serikali ya Marekani imewaonya raia zake wasiende Urusi kabisa. Basi wengi wa wale waendao hawaendi kwa matembezi. Huyu ana mama mgonjwa, yule ana wakwe, mwingine aenda kuzika. Kwa hiyo adabu za nyumbani zimekuwa kitu kikubwa kuliko habari za majumba na sanamu. Maana aliyekwenda mbali hivyo kumwona mama mkwe wake, akamchukiza mlangoni, pengine hatapata nafasi ya pili.

Mambo ya kutengeneza kabla ya safari

Kwanza, mgeni na awe na viza kabla ya kuondoka, na akifika lazima aandikishwe kwa wenye amri katika siku chache. Akikaa hotelini, hoteli humwandikisha; akikaa kwa jamaa, ni kazi ya mwenyeji wake. Karatasi apewayo mpakani asiipoteze, kwa kuwa ataulizwa wakati wa kutoka.

Pili, habari za fedha. Mwezi wa Machi 2022 kampuni za Visa na Mastercard zilisimamisha kazi zao katika Urusi, hata kadi iliyotolewa Marekani haikuweza tena kulipa chochote huko. Aendaye na achukue fedha taslimu, noti safi zisizochanika wala kuandikwa, naye azibadili benki, si njiani.

Tatu, ajue kwamba msaada uko mbali. Ofisi ya konseli wa Marekani iliyokuwa St Petersburg ilifungwa mwaka 2018. Na mtu mwenye uraia wa nchi zote mbili, Warusi humhesabu kuwa Mrusi tu.

Nne, na hili ni kubwa: achunge ulimi wake. Machi 2022 ilitungwa sheria ya kuwaadhibu watu wanenao vibaya habari za jeshi, na wako waliofungwa kwa maneno waliyoyasema au kuyaandika. Mgeni aanzishaye mabishano ya vita mezani hajihatarishi peke yake. Yeye ataondoka, lakini mwenyeji wake atabaki na majirani waliosikia. Kunyamaza kwa ajili ya usalama wa mwenzako si woga. Mwenyeji akitaka kusema, atachagua mwenyewe mahali na wakati.

Uso wa njiani

Mmarekani amezoea kumchekea kila amwonaye, hata asiyemjua. Kwao ni ishara ya amani. Afikapo St Petersburg huona watu wakipita kimya, nyuso zimekazwa, naye husema moyoni, "Watu hawa wana chuki." Sivyo. Kwa Mrusi, tabasamu ni kitu cha kumpa mtu umjuaye, au kwa jambo lenye kufurahisha. Wana mithali isemayo kwamba kucheka bila sababu ni dalili ya ujinga. Basi Mmarekani akiwachekea watu ovyo, wao nao husema, "Huyu ana nini? Ataka kutuuzia kitu?"

Vivyo hivyo katika salamu. Mmarekani humwuliza mtu hali yake huku akipita, wala hangoji jibu. Mrusi akiulizwa hali, aweza kusimama na kueleza kweli: mgongo wauma, mtoto amefeli mtihani. Wasomaji wetu watafahamu upesi jambo hili, maana kwetu pia amuulizaye mwenziwe habari za nyumbani husimama akasikia. Asiye na nafasi ya kusikiliza asiulize. Aseme tu "Zdravstvuyte," ndiyo salamu yao ya heshima.

Sauti nayo ina kipimo chake. Katika reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1955, watu husema kwa sauti ndogo, na Mmarekani hujulikana kabla hajaonekana. Reli hiyo iko chini sana; kituo cha Admiralteyskaya kina kina cha meta 86 hivi. Katika ngazi ziendazo zenyewe, asimamaye husimama upande wa kulia, ili wenye haraka wapite kushoto. Ndani ya gari kijana humpisha mzee kiti bila kuambiwa, na asiyefanya hivyo atakemewa na bibi yeyote aliye karibu. Asikasirike akikemewa, huko, kama kwetu, mzee huona kuwa kila kijana ni mtoto wake.

Majina na heshima

Warusi wana maneno mawili ya kumwambia mtu "wewe". La kwanza, "ty", ni la rafiki, mtoto na mtu wa nyumbani; la pili, "vy", ni la mkubwa na mtu usiyemjua. Kuanza na lile la kwanza ni kama kijana kumwamkia babu yake kama amwamkiavyo mchezaji mwenziwe. Mgeni na atumie la heshima mpaka mwenyeji amwambie aache.

Mtu mzima huitwa kwa jina lake pamoja na jina la babaye. Anna binti wa Petr huitwa Anna Petrovna. Ivan mwana wa Petr, Ivan Petrovich. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kusikia "bin" na "binti", hataona shida. Lakini Mmarekani hupenda kumwita kila mtu kwa jina lake moja tangu siku ya kwanza, akidhani aonyesha upendo. Mwalimu mzee akiitwa "Anna" tu na mtoto wa jana, haoni upendo, aona dharau.

Mlangoni na mezani

Haya ndiyo mambo yaliyo makuu, kwa sababu ile baridi ya njiani hukoma kwenye kizingiti. Mrusi akikufungulia mlango wake, amekufungulia na moyo wake.

Usimpe mkono mwenyeji hali mmoja yu ndani na mwingine yu nje. Watu wa kale walidhani kwamba chini ya kizingiti hukaa pepo wa nyumba. Leo wengi hawaliamini jambo hilo, lakini desturi imebaki. Ingia kwanza, vua glavu, ndipo utoe mkono. Kisha vua viatu. Mwenyeji atakupa sapatu za kuvaa ndani. Zivae, hata kama soksi zako ni safi.

Usiende mikono mitupu. Chukua keki, chokoleti, au kitu kidogo cha kwenu. Ukichukua maua kwa bibi wa nyumba, yahesabu: yawe matatu, matano au saba. Maua ya hesabu inayogawanyika kwa mbili ni ya maiti, huwekwa kaburini. Mgeni aletaye maua sita mazuri kwa mama mkwe wake hajui amemletea nini.

Mezani utalazimishwa kula, kisha kuongezwa. Kukataa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa haya tu, nawe utapakuliwa tena. Basi anza kwa kidogo, upate nafasi ya kuongezwa. Na kwa habari ya vileo: asiyekunywa na aseme wazi mapema, kwa upole na bila hotuba, kwamba hatumii, atapewa maji ya matunda, naye atainua bilauri yake pamoja na wengine waombeapo heri. Kusitasita ndiko huleta kubembelezwa usiku kucha. Wakimkumbuka marehemu, hawagonganishi bilauri, nawe usigonganishe.

Mkate wa Leningrad

Liko jambo moja ambalo mgeni asilisahau mezani, nalo ni mkate. Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji huu, nao haukufunguliwa kabisa mpaka tarehe 27 Januari 1944, yaani siku 872. Katika majira ya baridi ya kwanza, tangu tarehe 20 Novemba hata 25 Desemba 1941, mtoto, na mtu mzima asiye na kazi, alipewa gramu 125 za mkate kwa siku, nao ulichanganywa na vitu visivyo unga. Ni kipande cha kutoshea kiganjani. Raia mamia ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa. Katika makaburi ya Piskaryovskoye peke yake wamezikwa watu karibu 500,000, wengi katika makaburi ya pamoja, ambayo juu yake pameandikwa mwaka tu, bila majina.

Wako wazee mjini, wachache sasa, waliokuwa watoto siku zile; na wajukuu wao wamelelewa kwa habari hizo. Katika nyumba za namna hii mkate hautupwi. Mmarekani atokaye katika nchi ya shibe humega kipande, akakiacha sahanini, wala hajui kwamba bibi aliye mbele yake amekitazama. Mega utakachomaliza. Kadhalika, uendapo makaburini, vua kofia, nyamaza, wala usijipige picha ukicheka.

Kanisani na thieta

Wakristo wengi wa mji huu ni wa Kanisa la Orthodox. Kanisa kuu la Kazan, lililokamilika mwaka 1811, lilifanywa jumba la makumbusho la mambo ya dini na ukana Mungu mwaka 1932. Baadaye sala zilirudi. Aingiaye humo mwanamke na afunike kichwa, mwanamume avue kofia. Watu husali wakiwa wamesimama, kwa kuwa viti ni vichache, navyo ni vya wazee na wagonjwa. Mgeni asikatize mbele ya wasalio, asiweke mikono mifukoni, wala asipige picha wakati wa ibada.

Katika thieta na majumba ya makumbusho, koti zito huachwa katika chumba chake mlangoni; kuingia nalo ni utovu wa adabu. Na kama kiti chako kiko katikati ya safu, pita ukiwaelekezea uso walioketi, si mgongo.

Hatari ndogo ndogo

Katika majira ya kiangazi, kama Juni, usiku hauingii giza kamili, na watu hutembea bila kukumbuka saa. Lakini tangu Aprili hata Novemba hivi madaraja makubwa ya Neva hufunguliwa usiku ili meli zipite, na treni za chini ya ardhi hupumzika. Aliyebaki ng'ambo atangoja alfajiri. Katika majira ya baridi, theluji inapoyeyuka, mapande ya barafu huanguka kutoka mapaani. Basi usitembee karibu na ukuta. Na maji ya bomba yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kuagana

Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari, Warusi wana desturi njema. Wote waliomo nyumbani, waendao na wabakio, huketi kitako kwa muda mfupi, bila kusema neno. Kisha mkubwa huinuka, na safari huanza. Mmarekani mwenye kuitazama saa yake asivunje kimya hicho. Aketi nao. Katika miaka hii ambayo njia zimekuwa ngumu, hakuna ajuaye kama watakutana tena.

Nasi wazazi na walimu yatufaa kuwafundisha watoto wetu neno hili kabla hawajasafiri popote: uso uliokunjwa si ushuhuda wa moyo mbaya, wala kicheko si ushuhuda wa moyo mwema. Mgeni mwenye hekima hatoi hukumu njiani. Hungoja mpaka amefunguliwa mlango, akavua viatu, akamega mkate.