Chanjo hupangwa kwa kalenda, dagaa kwa giza

Nilifika zahanati moja ya kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, kuuliza habari za uvumi: kwamba chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ni njama ya kuwafunga mabinti wasizae. Nesi wa chanjo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa kwenye mtoto wa meza daftari kubwa la kaunta, jalada lake limeachia.

"Uvumi upo, sikatai," alisema. "Ila soma hili kwanza."

Fomu anazopeleka wilayani huhesabu waliochomwa. Daftari hili ni lake mwenyewe, la waliokosa. Kushoto kuna majina aliyonakili kutoka mahudhurio ya shule. Kulia amepiga mstari kwa rula na kuandika juu yake SABABU. Nilisoma: Kaenda kwa bibi yake. Baba kakataa. Mama anasema tumsubiri baba. Anauguza. Wamehama. Anaogopa sindano, na pembeni, kwa wino mwekundu, Karudi. Nyingi ni za penseli, maana hubadilika. Binti aliyeandikiwa "baba kakataa", alinieleza, wakati mwingine baba hajaulizwa kabisa. Mwalimu kaona siku zinapita bila jibu, akamalizia mwenyewe.

Kisha kuna "hayupo". Kurasa nzima za hayupo, nyingine zikiwa na neno la ziada: mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa.

"Anayekataa huwa anakuja kunigombeza," alisema nesi. "Huyo simwogopi. Akishakuja tutakaa, tutaongea, leo au kesho. Ninayemwogopa ni huyu asiyekuja kabisa."

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na mitumbwi mingi hupumzika. Giza likirudi, asubuhi mwalo unajaa, dagaa wanahitaji mikono ya kuwaanika, kuwageuza na kuwaokota kabla mvua haijawaharibu, na mikono ya bei nafuu kuliko yote ni ya wasichana. Wanalipwa kwa ndoo, wengine kwa dagaa wenyewe. Siku hizo madawati ya nyuma huwa matupu. Ukipeleka kisanduku chako cha chanjo shuleni katika juma hilo, utachanja wale ambao nyumbani kwao hawana shida sana.

"Wilayani wanapanga kwa kalenda ya ukutani," alisema. "Mimi natazama juu."

Nilipofika nyumbani nilikagua. Kampeni kubwa ya taifa, iliyowalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja, ilianza Aprili 22, 2024. Mwezi mpevu ulikuwa usiku wa Aprili 23. Nilipomweleza nesi, alicheka sana. "Ndiyo maana siku zile niliwakuta!" Sijaona popote kwamba kuna mtu aliyepanga hivyo. Kwa mwambao ule wa dagaa, ilikuwa bahati tu.

Ikumbukwe chanjo hii ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zilizopishana miezi sita. Dozi ya pili ndiyo iliyomtesa nesi wetu: miezi sita katika vijiji vya wavuvi ni muda wa kutosha familia kuhamia kisiwa kingine. Ushahidi uliosaidia dunia kukubali dozi moja ulitoka humu humu Mwanza, kwa wasichana 930 walioshiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Na hatuzungumzii ugonjwa mdogo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya nchini zaidi ya 10,000, na vifo zaidi ya 6,000.

Na umri je? Vyeti vya kuzaliwa ni vichache. Nesi anatumia uchaguzi. Anamuuliza bibi: huyu alizaliwa Kikwete anachaguliwa mara ya pili, au Magufuli anaingia? Wa Kikwete, mwaka 2010, mwaka ule wa kampeni ya chanjo alichanjwa. Wa Magufuli, Oktoba 2015, aliambiwa asubiri kidogo.

Uvumi nao ameusikia, na umebadilika pamoja na umri wa wanaochanjwa. Wasichana wa miaka 14 walipochanjwa peke yao, watu walisema ni uzazi wa mpango, kwa nini iwe ni hawa waliokwisha vunja ungo? Waliposhuka hadi tisa, wakasema mtoto mdogo hivi mapenzi anayajulia wapi. Baba mmoja alimuuliza mbona wavulana hawachomwi, ilhali virusi vinavyoleta saratani hii wanavyo wao pia. "Nilimwambia ameuliza vizuri," alisema nesi, akanyamaza.

Hadithi ya daftari hili si ya zahanati moja. Mwaka 2010 na 2011 watafiti waliipeleka chanjo hii katika shule 134 za msingi mkoani Mwanza. Wasichana waliokosa kwa kutokuwapo shuleni walikaribia kulingana na waliokosa kwa sababu mzazi alikataa. Hata hivyo nguvu zetu zote, matangazo ya redioni na hotuba za viongozi, tumezielekeza kwa mzazi anayekataa. Yule wa mwaloni anafuatwa na nesi kwa bodaboda, nauli mara nyingine ikitoka mfukoni mwake. Na aliyekwisha acha shule, jina lake halimo hata kwenye mahudhurio ya kunakili. Huyo anaandikwa daftari gani?

Mzazi mwenye binti wa umri wa chanjo hii ambaye hajachanjwa, ni sindano moja na haina malipo. Kamuulize nesi wa zahanati ya karibu, usingoje shule. Na mnaopanga kampeni za kanda ya ziwa, kabla ya kutangaza tarehe, waulizeni wavuvi giza linaanza lini.