Ua la Siku Moja

Anayefika mashariki ya Marekani mwezi wa Juni au Julai huyakuta maua ya rangi ya chungwa yamesongamana kando ya barabara na ukingoni mwa misitu. Asidhani ni ya porini tangu asili. Kwao ni Asia, pande za Uchina na Japani. Watu waliyapanda majumbani, nayo yakatoroka. Na aina hii iliyozagaa haizai mbegu, huenea kwa mizizi tu. Basi fungu moja lililo peke yake vichakani mara nyingi huonyesha palipokuwa na nyumba, hata kama ukuta wenyewe hauonekani tena.

Kulitambua, tazama chini kwanza. Majani marefu hutoka yote ardhini, yakainama mfano wa mchaichai, ila ni mapana zaidi. Bua liko tupu. Juu yake yapo matumba kadhaa. Moja hufumbuka asubuhi, jioni limenyauka, kesho ni zamu ya jingine. Jina lake la kitaalamu, Hemerocallis, ni la Kigiriki: uzuri wa siku.

Lipo jingine la rangi hiyo hiyo, lakini lina madoa meusi, limeinamia chini, na majani yamepanda bua zima. Wachina hupika matumba ya hilo la kwanza. Paka, maskini, hana usalama kwa lolote kati ya hayo mawili: huharibika mafigo akafa. Akionekana ametafuna, apelekwe kwa daktari wa wanyama saa ile ile, asingojwe mpaka atapike.